Modeli na mtambo vikipingana: kutafuta kosa kwenye namba za uwezekano, muda na foleni

Umeandika modeli ya mtambo wako ndani ya PRISM au Storm (vikaguzi vya modeli, yaani programu zinazokokotoa uwezekano na muda kutoka kwenye modeli), kisha ukaupima mtambo wenyewe kwa jaribio la mzigo, na namba hazifanani. Modeli inasema ombi 1 kati ya 1,000 litachelewa, kipimo kinasema 1 kati ya 40. Au modeli imekupa namba juzi, leo umebadilisha mpaka wa kigeu kimoja tu na jibu limeruka mara kumi.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba hitilafu nyingi haziambatani na ujumbe wowote wa kosa. Programu inamaliza salama na kuandika namba yenye tarakimu kumi na tano baada ya nukta, lakini namba hiyo ni jibu la swali ambalo hukuuliza. Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye dalili unayoiona, tunaishia kwenye chanzo chake, na kila inapowezekana tunaweka hesabu ambayo unaweza kuirudia kwa kalamu na karatasi.

## Kabla ya kugusa chochote

Angalia vizio. Modeli ya muda endelevu (`ctmc` kwenye PRISM) hutumia kasi, yaani matukio kwa kizio kimoja cha muda, si muda wenyewe. Huduma inayochukua milisekunde 10 ina kasi ya 100 kwa sekunde, au 0.1 kwa milisekunde. Ukichanganya hizo mbili ndani ya faili moja, modeli itakubali bila kunung'unika. Andika kizio kwenye mstari wa kwanza wa faili, na kila kasi iandike kama mgawanyo, `1/0.010`, ili anayesoma aone muda ulikotoka.

Pili, jaribu vipimo vyako kwa kanuni ya Little: wastani wa maombi yaliyomo ndani ya mtambo ni sawa na idadi ya maombi yanayoingia kwa sekunde mara wastani wa muda ambao ombi moja linakaa ndani. Kanuni hii haijali umbo la foleni wala mpangilio wa kuhudumia, ila inataka mtambo uwe umetulia. Chukua seva inayopokea maombi 200 kwa sekunde. Kumbukumbu za programu zinasema kila ombi linachukua milisekunde 50. Basi ndani wanapaswa kuwemo 200 × 0.05 = 10. Ukihesabu miunganisho iliyo wazi ukakuta 64, namba mojawapo si kweli. Gawanya 64 kwa 200 upate 0.32, maana yake ombi linakaa milisekunde 320. Zile 270 zilizopotea ziko kwenye foleni ya kusubiri uzi (thread) wa kuhudumia, kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo wako unaoanza kuhesabu muda. Ukiipa modeli hiyo 50, hakuna marekebisho mengine yatakayokuokoa.

Tatu, punguza modeli mpaka uweze kuikokotoa kwa mkono: mteja mmoja, nafasi mbili za foleni, jaribio moja la kurudia. Ikiwa modeli ndogo haitoi jibu ulilolipata kwa kalamu, hakuna sababu ya kuendesha ile kubwa.

## Dalili: jibu ni dogo mno, na ukiongeza hatua za kurudia linapanda

Hii ndiyo hitilafu tunayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inakuja imevaa sura ya jibu sahihi.

Kikaguzi cha modeli mara nyingi hakitatui milinganyo moja kwa moja. Kinaanza na sifuri, kinarudia hesabu hatua kwa hatua, na kinakoma pale badiliko kati ya hatua mbili linapokuwa dogo kuliko kiwango fulani. Katika PRISM kiwango cha kawaida ni 0.000001, kinapimwa kwa uwiano, na hatua hazizidi 10,000. Tatizo ni kwamba badiliko dogo halimaanishi kwamba umefika. Huenda unatembea polepole tu.

Tazama mfano huu. Mtambo uko katika hali A. Kila hatua, kwa uwezekano p unafanikiwa, kwa uwezekano p uleule unaharibika, na kwa uwezekano uliobaki unarudi A. Tuseme p ni 0.0000001. Kwa kuwa njia mbili za kutoka zina uzito sawa, uwezekano wa kufanikiwa ni 0.5 bila hesabu yoyote. Sasa fuata kurudia:

- hatua ya 1: 0.0000001
- hatua ya 2: karibu 0.0000002
- badiliko: 0.0000001

Ukitumia kigezo cha badiliko halisi, 0.0000001 ni ndogo mara kumi kuliko kiwango, kwa hiyo hesabu inakoma papo hapo na kukupa 0.0000002 badala ya 0.5. Ukitumia kigezo cha uwiano, hesabu inaendelea kwa hatua kama 911,600 kisha inakoma kwenye 0.083. Mara ya kwanza PRISM itakuambia kwamba njia haikufikia mwisho ndani ya hatua 10,000. Wengi hapo huongeza `-maxiters`, kikomo cha hatua, hadi milioni kumi, onyo linapotea, wanaipokea 0.083 na kuiweka kwenye ripoti. Kutoweka kwa onyo kumewafanya waamini kwamba tatizo limekwisha.

(Njia ya Jacobi, aina mojawapo ya kurudia hesabu ambayo PRISM huitumia kwa kawaida kwenye minyororo ya Markov ya hatua, yaani modeli za `dtmc`, hukitatua vizuri kitanzi cha hali moja kinachojirudia. Kwa hiyo utaikuta hitilafu hii mzunguko unapopitia hali mbili au zaidi: A kwenda B, B kurudi A. Hatua zinakuwa maradufu, jibu baya linabaki lilelile.)

Namna ya kuthibitisha: endesha tena kwa `-epsilon 1e-10` huku `-maxiters` ikiwa kubwa. Jibu likisogea kwenye tarakimu ya tatu au ya nne, umekwisha kupata mkosaji.

Namna ya kutibu: tumia kurudia kwa pande mbili. Upande mmoja unaanzia sifuri na kupanda, mwingine unaanzia moja na kushuka, na hesabu inakoma pale nafasi kati yao inapokuwa ndogo. Jibu la kweli limebanwa katikati, haliwezi kutoroka. Katika PRISM ni `-intervaliter`, katika Storm ni `--sound`. Modeli ikiwa ndogo, tumia hesabu za sehemu kama 1/3 zisizokadiriwa, `-exact` au `--exact`, ambazo hazina makadirio kabisa.

Modeli za mitandao na za mitambo isiyoharibika mara kwa mara ndizo zinazoangukia humu, kwa kuwa zina vitendo vya haraka vinavyojirudia mara nyingi mno kabla ya tukio adimu kutokea.

## Dalili: modeli ni ya haraka kuliko inavyowezekana

Modeli ya muda endelevu inasema ombi linatumwa ndani ya milisekunde 83 kwa wastani, wakati mteja halisi hutuma ombi kila milisekunde 333. Angalia amri zilizooanishwa, yaani zile zenye jina moja kwenye moduli mbili, ambazo hutokea kwa pamoja:

```
ctmc

module mteja
  m : [0..1] init 0;
  [tuma] m=0 -> 3 : (m'=1);
  []     m=1 -> 2 : (m'=0);
endmodule

module seva
  s : [0..5] init 0;
  [tuma] s<5 -> 4 : (s'=s+1);
  []     s>0 -> 10 : (s'=s-1);
endmodule
```

Mwandishi alitaka kusema mteja hutuma mara 3 kwa sekunde na seva ina uwezo wa kupokea 4. PRISM inazidisha: `tuma` ina kasi ya 12. Wastani wa kusubiri ni 1/12 ya sekunde, ndiyo hiyo milisekunde 83.

Tiba ni kuamua upande upi unaongoza mwendo. Huo ubaki na kasi yake, na upande wa pili uandikwe 1. Hapa mteja ndiye anayeamua, kwa hiyo `[tuma] s<5 -> 1 : (s'=s+1);`. Kikomo cha seva kinalindwa tayari na sharti `s<5`. Pitia kila jina linalotokea kwenye moduli zaidi ya moja na uhakikishe kasi isiyo 1 imetokea mara moja tu.

## Dalili: uwezekano wa hitilafu ni mkubwa kupita kiasi, karibu na nusu au theluthi

Majibu kama 0.505 au 0.337 yanapojitokeza mahali ulipotegemea 0.01, shuku masharti yanayopishana.

```
dtmc
module kituo
  x : [0..2] init 0;
  [] x=0 -> 0.99 : (x'=1) + 0.01 : (x'=2);
  [] x<2 -> 1 : (x'=2);
endmodule
```

Amri ya pili ilikusudiwa kwa `x=1`. Lakini `x<2` ni kweli pia pale x ikiwa 0, kwa hiyo amri mbili zinaruhusiwa kwa wakati mmoja. Katika `dtmc` PRISM huzigawia nafasi sawa, nusu kwa nusu. Uwezekano wa kuangukia hali ya 2 katika hatua ya kwanza unakuwa 0.5 × 0.01 + 0.5 × 1 = 0.505. Katika `ctmc` hakuna kugawana: kasi hujumlishwa, na amri mbili za kasi 5 zinazokwenda mahali pamoja hufanya 10.

Kuna ukaguzi mmoja mzuri sana hapa. Badilisha neno `dtmc` liwe `mdp`, aina ya modeli ambayo huacha chaguo kati ya amri wazi bila kulipa uwezekano, kisha uliza `Pmin=? [ X x=2 ]` na `Pmax=? [ X x=2 ]`, yaani uwezekano mdogo na mkubwa kabisa wa kuwa hali ya 2 katika hatua inayofuata. Katika mfano huu utapata 0.01 na 1. Moduli ikiwa moja, majibu hayo mawili yakitofautiana basi kuna amri zinazopishana. Tafuta kwenye kiigizaji hali yenye chaguo zaidi ya moja.

Moduli zikiwa nyingi na hazioanishwi, jihadhari na jambo jingine la jamii hiyo. `dtmc` huchagua kwa bahati nasibu moduli itakayosonga, hivyo moduli mbili kila moja inapata takriban nusu ya hatua. Ukihesabu hatua kana kwamba ni muda, utapata muda maradufu. Kama kwenye mtambo halisi moduli hizo husonga pamoja kwa mapigo ya saa ileile, zioanishe kwa jina moja. Kama anayeamua ni kipanga kazi cha mfumo endeshi, ambaye hana uwezekano unaoujua, modeli yako ni `mdp` na jibu la kweli ni mpaka wa chini na wa juu. Watu wengi hawapendi kupeleka majibu mawili kwa mkubwa wao, lakini jibu moja lililotokana na nusu kwa nusu ambayo hakuna aliyeipima ni la kubuni.

## Dalili: gharama au muda wa wastani ni "Infinity"

Umeuliza `R=? [ F "mwisho" ]`, yaani wastani wa gharama mpaka kufika mwisho, na umepata jibu lisilo na kikomo. PRISM huhesabu kwamba njia isiyofika mwisho ina gharama isiyo na kikomo. Ikitokea uwezekano wa kufika ni 0.9999, ile 0.0001 iliyobaki inatosha kuharibu wastani wote.

Uliza kwanza `P>=1 [ F "mwisho" ]`. Ikiwa jibu ni hapana, tafuta njia zinazokwama. Mara nyingi ni hali zisizo na mlango wa kutokea, ambazo PRISM huziongezea kitanzi cha kujirudia na kutoa onyo dogo kwenye maandishi ya juu. Endesha kwa `-nofixdl` ili ikatae kuendelea na ikuonyeshe hali hizo. Ikiwa kukwama ni sehemu halali ya mtambo, badili swali: `R=? [ F "mwisho"|"hitilafu" ]`, au gharama ndani ya muda maalumu, `R=? [ C<=1000 ]`.

## Dalili: wastani hautulii, au unafuata mpaka wa kigeu

Hii ni pacha ya iliyotangulia lakini chanzo chake kimefichika zaidi. Programu inamaliza kila mara kwa uwezekano wa 1, na bado wastani wa hatua zake hauna kikomo. Mfano wa kawaida:

```
x = 1; hatua = 0
while x > 0:
    x += 1 if random.random() < 0.5 else -1
    hatua += 1
```

Uwezekano wa kuzidi hatua n ni takriban mzizi wa 2/(πn). Kwa hatua milioni moja ni karibu 0.0008, yaani ukiiendesha mara 10,000 tegemea kama mara 8 kuvuka milioni. Mara hizo 8 ndizo zinazobeba wastani mzima, na ukiongeza majaribio wastani unapanda tena.

Kwenye modeli dalili inakuja kwa sura nyingine, kwa kuwa kigeu lazima kiwe na mpaka. Weka x iishie N na irudi nyuma ikigonga hapo: wastani wa hatua kutoka 1 hadi 0 unakuwa 2N − 1. Mpaka wa 10 unatoa 19, wa 100 unatoa 199, wa 1,000 unatoa 1,999. Ukiona jibu linakua sambamba na mpaka uliouweka mwenyewe ili modeli itoshee kwenye kumbukumbu, unachopima ni mpaka wako. Linganisha na mwendo wenye mwelekeo: kushuka kwa 0.51 na kupanda kwa 0.49 kuna wastani wa 1/(0.51 − 0.49) = hatua 50, na kuongeza mpaka hakubadili kitu baada ya hapo.

Kwa hiyo jizoeze kuendesha kila modeli kwa mipaka mitatu, kila mmoja ukiwa maradufu ya uliotangulia. Mtambo usiotulia, kama foleni inayopokea zaidi ya inavyohudumia, utajifichua hapo.

## Dalili: modeli na kipimo vinaafikiana mzigo ukiwa mdogo, vinaachana ukipanda

Kwa foleni ya mhudumu mmoja, maombi yakiingia kwa nasibu na muda wa huduma ukifuata mgawanyo wa ekisiponenti (muda mfupi hutokea mara nyingi, mrefu mara chache), muda wa kukaa ndani ni muda wa huduma gawanya kwa (1 − ρ), ambapo ρ ni sehemu ya muda mhudumu anakuwa kazini. Huduma ya milisekunde 10 inatoa 20 kwa ρ ya 0.5, 50 kwa 0.8, 100 kwa 0.9 na 200 kwa 0.95. Kwenye mzigo mdogo karibu kila modeli inaonekana sahihi, kwa sababu hakuna anayesubiri.

Kinachokosewa ni mtawanyiko wa muda wa huduma. Kanuni ya Pollaczek na Khinchine inasema muda wa kusubiri ni ρS(1 + c²) / 2(1 − ρ), S ikiwa wastani wa huduma na c ikiwa mkengeuko wa kawaida (kipimo cha mtawanyiko) gawanya kwa wastani. Kwa S ya milisekunde 10 na ρ ya 0.8, c² ikiwa 1 unasubiri 40. Seva ambayo maombi mengi ni mepesi na machache yanagonga diski inaweza kuwa na c² ya 4 kwa urahisi. Hapo kusubiri ni 100, na jumla ni 110 badala ya 50. Wastani wa huduma haukubadilika hata kidogo. Basi pima na mkengeuko; wastani peke yake haujazi pengo hili.

Kosa la upande wa pili ni kuandika muda usiobadilika kana kwamba ni ekisiponenti. Ukiwa na kikomo cha kusubiri cha sekunde 5 na ukakiandika kama kasi ya 1/5, modeli inaamini kwamba kwa uwezekano wa 0.18 kikomo kitafyatuka kabla ya sekunde 1 kuisha, na kwa uwezekano wa 0.05 hakitakuwa kimefyatuka hata baada ya sekunde 15. Gawanya muda huo katika hatua k mfululizo, kila moja ikiwa na kasi ya k/5. Kwa k ya 10 mkengeuko unashuka hadi asilimia 32 hivi ya wastani. Gharama yake ni kwamba hali za sehemu hiyo zinaongezeka mara kumi, kwa hiyo fanya hivyo pale tu kikomo kinapoamua jibu.

## Dalili: jaribio la mzigo linaonyesha seva safi, watumiaji wanalalamika

Hapa modeli haina kosa. Kosa liko kwenye kipimo, na limewadanganya wengi kwa miaka.

Kifaa cha kupima kina uzi unaotuma ombi, unasubiri jibu, kisha unatuma jingine. Ulipanga ombi moja kila milisekunde 10 kwa sekunde 100, yaani maombi 10,000. Seva hujibu ndani ya milisekunde 1, ila mara moja inaganda kwa sekunde 2 nzima, labda kwa ajili ya kusafisha kumbukumbu. Wakati imeganda, uzi nao unasubiri. Hautumi yale maombi 200 yaliyopangwa ndani ya sekunde hizo. Mwisho wake una vipimo kama 9,801, na kimoja tu kati yao ni cha sekunde 2. Persentaili ya 99, yaani muda ambao asilimia 99 ya maombi hayauzidi, inaonyesha milisekunde 1.

Watumiaji wa kweli hawamsubiri mwenzao. Wale 200 wangefika kama kawaida: wa kwanza angesubiri milisekunde 2,000, wa pili 1,990, wa tatu 1,980, mpaka wa mwisho. Hao ni asilimia 2 ya wote, na persentaili ya 99 ya kweli ni karibu sekunde 1. Tofauti ni mara elfu.

Gil Tene ndiye aliyelitangaza tatizo hili na kutengeneza `wrk2`, ambayo hutuma kwa kasi uliyoitaja kupitia `-R` na huhesabu muda kuanzia wakati ombi *lilipopaswa* kutumwa. Ukitumia kifaa kingine, hakikisha kinafanya hivyo. Njia ya haraka ya kukijaribu: isimamishe seva kwa `kill -STOP` kwa sekunde 2 katikati ya jaribio la sekunde 100, kisha iachie kwa `kill -CONT`. Kama persentaili ya 99 haikushtuka, usiiamini.

Tukiwa hapo hapo: usichukue persentaili za seva tano ukazitafutia wastani. Namba inayotoka si persentaili ya kitu chochote. Unganisha histogramu zenyewe, kisha soma persentaili kwenye jumla.

## Dalili: programu ileile, mashine ileile, muda tofauti

Pitia haya kwa mfuatano. Saa: tumia saa isiyorudi nyuma, `CLOCK_MONOTONIC` kwa C au `time.perf_counter` kwa Python, kwa sababu saa ya ukutani husahihishwa na mtandao na inaweza kukupa muda hasi. Kasi ya prosesa: ifunge kwa `cpupower frequency-set -g performance` na uiweke programu kwenye kiini kimoja kwa `taskset -c 3`. Marudio: `perf stat -r 30 ./programu` inakupa wastani pamoja na mtawanyiko. Ukilinganisha matoleo mawili, yapishanishe, A kisha B kisha A kisha B. Ukimaliza A zote kwanza, B itapimwa kwenye mashine iliyokwisha pata joto.

Kama kitanzi kinachukua nanosekunde 0, kompaila imeona matokeo hayatumiki na imekifuta. Yatumie matokeo, au kwenye Java yapeleke kwa `Blackhole` ya JMH, kifaa cha kupima kasi ya msimbo wa Java; JMH pia itakusaidia kutupa mizunguko ya mwanzo kabla msimbo haujatafsiriwa kwa kasi kamili.

Mwaka 2009 Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba hata ukubwa wa vigeu vya mazingira ya UNIX, au mpangilio wa kuunganisha faili, unaweza kusogeza matokeo kiasi cha kugeuza hitimisho. Tofauti ya asilimia 2 kati ya matoleo mawili yaliyojengwa mara moja tu haijathibitisha chochote.

## Dalili: uigaji unatoa sifuri

Umeiga mara 10,000 na hitilafu haikutokea. Unachoweza kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, ni kwamba uwezekano wake hauzidi takriban 3/10,000, yaani 0.0003. Tukio la moja kwa milioni lisingeonekana.

Ili makadirio yasikosee zaidi ya ε isipokuwa kwa uwezekano δ, majaribio ln(2/δ) / 2ε² yanatosha. Kwa ε ya 0.01 na δ ya 0.05 ni 18,445. Kwa ε ya 0.001 ni zaidi ya milioni 1.8. Kwa tukio la moja kwa milioni, likadiriwe ndani ya asilimia 10 yake, unahitaji karibu milioni 384. Hapo uigaji wa kawaida umefika mwisho wake na hesabu ya modeli ndiyo njia, mradi umesoma sehemu ya kwanza kuhusu kukoma mapema.

PRISM ikilalamika kwamba sifa, yaani swali uliloliuliza, haikuweza kukaguliwa kwenye sampuli, njia zimekatwa kwenye urefu wa hatua 10,000. Ongeza `-simpathlen`.

## Dalili: uwezekano haujumliki kuwa 1

Umeandika 0.333 mara tatu ukapata 0.999. Andika `1/3`.

## Dalili: kumbukumbu imejaa

Hali milioni 100 zinahitaji megabaiti 800 kwa vekta moja, yaani orodha yenye namba moja kwa kila hali, na kurudia kunataka zaidi ya moja. Kuongeza `-javamaxmem 8g` na `-cuddmaxmem 8g` kunasaidia mara moja au mbili, kisha modeli inakua tena.

Kinachosaidia kweli ni kuacha kutaja wateja kwa majina pale wanapofanana. Wateja 10, kila mmoja akiwa na hali 4, wanatoa mchanganyiko 1,048,576. Ukihesabu tu ni wangapi wako katika kila hali, mchanganyiko ni 286. Kasi nayo lazima izidishwe kwa idadi: wateja `n` wanaosubiri, kila mmoja kwa kasi ya 3, wanaondoka kwa `3*n`. Hiyo ndiyo sehemu inayosahaulika, na ikisahaulika modeli ndogo inakuwa ya polepole kuliko kubwa. Jaribu kwa wateja 3 kwa namna zote mbili, hali 64 dhidi ya 20, na usiendelee mpaka majibu yalingane hadi tarakimu ya sita.